Nyuma ya lori

Barabara ya taifa namba 1 ya Burundi inaanzia Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, inapanda milima mpaka Bugarama, halafu inaendelea Kayanza hadi mpaka wa Rwanda. Kutoka mjini mpaka Bugarama ni kama kilomita 35 tu, lakini ndani ya hizo kilomita unapanda zaidi ya mita 1,200. Ni kona juu ya kona. Asubuhi wanaume wanaishuka kwa baiskeli, mikungu mitatu au minne ya ndizi imefungwa kwenye keria, wengine magunia ya mkaa. Mchana wanarudi juu. Na kurudi kwao ndiko kunakoleta maneno, maana wanashika malori. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umekamata chuma nyuma ya lori, na lori linawavuta mpaka kwenye baridi.

Video za watu hawa zimezunguka sana kwenye simu, na moja ilifika mpaka kwenye mjadala wetu wa Jumamosi hapa kambini. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema: huo ni wizi, unakula mafuta ya mtu. Kijana akajibu kwamba maskini hana kosa. Dada mmoja wa shirika, aliyekuja kutusikiliza, alisema kosa ni la serikali isiyoweka usafiri. Kila mmoja alisema sentensi yake moja akanyamaza kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi barabara hiyo niliipita miaka sita, nikishusha ndizi na kupanda nyuma ya malori, na naona sentensi moja haitoshi.

Kwanza mjue baiskeli yenyewe. Baiskeli ya kazi haina gia. Fremu imechomelewa vyuma vya ziada, foku imeongezewa nondo, keria ametengeneza fundi wa kando ya barabara na ni nzito mara mbili ya ile ya dukani. Breki za kiwandani zinakufa mapema. Ukishuka na mzigo unatumia kipande cha tairi la gari, unakikandamiza kwa kisigino kwenye gurudumu, na ndizi zikiwa nyingi unasikia harufu ya kuungua na hujui ni tairi au ni wewe. Kurudi, hata baiskeli ikiwa tupu, ni saa tano au sita za kuisukuma kwa mguu. Nyuma ya lori ni saa mbili. Hiyo tofauti ndiyo safari nyingine ndani ya wiki, na hiyo safari ndiyo karo ya mtoto wa sekondari. Sisemi haya ili mnionee huruma, nataka hesabu iwe mezani.

Sasa, wizi. Malori tuliyoyapenda ni matanki ya mafuta yanayorudi Dar es Salaam. Yamemwaga mzigo Bujumbura, yanapanda matupu mpaka Bugarama, pale yanakata kwenda Muramvya na Gitega, halafu Muyinga na mpaka wa Kobero. Lori kama hilo hata likiwa tupu lina tani kumi na tano hivi. Mimi na baiskeli yangu kilo tisini. Hata asilimia moja haifiki. Lakini nakubaliana na mzee kwamba udogo wa kitu haufuti swali. Ukichota kikombe kimoja cha maharage kwenye gunia la jirani, umechota. Tena hatukuwa mmoja: siku nyingine lori moja lilivuta watu watano.

Ila nadhani mzee anatafuta mali iliyoibwa mahali ambapo haipo. Mafuta ni kitu kidogo. Kinachochukuliwa ni utulivu wa dereva. Kabla sijashika, yule bwana alikuwa anaendesha chuma tu. Nikishashika, anaendesha mtu. Kila kona ya kushoto lazima afikirie tairi la nyuma linapita wapi. Kila shimo, kila mbuzi, kila mtoto anayevuka pale Muberure au kijiji kingine chochote: akikanyaga breki ghafla naweza kuingia chini ya lori. Na nikiingia, anayechukuliwa na polisi ni yeye, anayezomewa na watu wa kilimani ni yeye, na usiku hatalala ni yeye. Hakunialika. Nimemtwisha roho yangu bila kumwuliza, halafu namwambia sikuchukua kitu! Hapo ndipo penye deni, na deni hilo halipimwi kwa lita.

Sisi wenyewe tulilijua, ingawa hatukuliita hivyo. Watu wanadhani ile ni fujo ya vijana, kumbe ina sheria, na mgeni barabarani alifundishwa kwa maneno makali. Usishike lori lenye saruji linalohema, hilo lina shida zake. Usishike basi la abiria. Usishike kamba ya turubai. Wawili nyuma, wa tatu asubiri lori linalokuja (hii ndiyo tuliyoivunja zaidi). Mtoto asiyefika kifuani kwa mtu mzima hashiki kabisa, na ukimkuta ameshika unamwachisha hata kwa kofi. Na kubwa kuliko zote: shika upande ambao kioo cha pembeni kinakuona. Ukijibana katikati nyuma kabisa uko salama na macho ya dereva, lakini umemnyima nafasi ya kukataa. Ukiwa pembeni anakuona, anaweza kupiga honi, anaweza kutoa mkono dirishani na kukupungia uachie. Wazee wa barabara walimdharau sana anayejificha. Walisema huyo ni mwizi, yule anayeonekana ni mwombaji, na kuomba si aibu.

Kwa hiyo kijana wetu aliyesema maskini hana kosa, simfuati. Najua alitaka kututetea. Lakini utetezi huo unatunyang'anya kitu. Umaskini unaeleza kwa nini niko kwenye ile barabara na siyo ofisini. Hauelezi kwa nini nishike katikati badala ya pembeni. Hilo niliamua mimi. Ukiniambia sina kosa kwa sababu sina kitu, umenifanya kama maji yanayoteremka tu kunakoteremka. Na wanaotupenda hapa kambini wakati mwingine wanatufanyia hivyohivyo, jamani: kila tunachofanya kinaandikwa kwamba ni kwa sababu ya mazingira magumu. Mimi nataka nilaumiwe kidogo. Anayeweza kulaumiwa anaweza kusifiwa pia.

Dada wa shirika naye alikuwa na hoja, usafiri wa maana ungemaliza mambo haya mengi. Lakini barabara itakapotengenezwa kila kitu, swali la mtu na mtu litahamia mahali pengine. Haliishi kwa bajeti.

Kuna jambo lingine lilinifundisha zaidi kuliko mjadala wowote. Mara moja moja walipita wazungu wa baiskeli, za gia nyingi, nyembamba kama kinyonga, mizigo imegawanywa pande mbili vizuri. Walikuwa wanazunguka nchi kuona: wametoka kwenye lile jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871, wanapanda kwenda Muramvya, mji wa wafalme, wengine wanaendelea mpaka Gishora karibu na Gitega kwenye ngoma za Mwezi Gisabo, au kusini mpaka Rutovu kwenye ile piramidi ndogo ya mwaka 1938 inayoonyesha chanzo cha Nile. Tuliwapita wakiwa wanakanyaga pedali, uso mwekundu, sisi tumening'inia kwenye tanki tukipiga mluzi. Tuliwaita waje washike. Walicheka wakatikisa kichwa. Mmoja alisema kwa Kifaransa kwamba hiyo itakuwa udanganyifu. Tulishangaa sana. Udanganyifu kwa nani?

Baadaye nilielewa. Mwaka 2015, kwenye mashindano ya baiskeli ya Hispania, Mwitaliano Vincenzo Nibali, bingwa wa Tour de France ya mwaka uliotangulia, alitolewa mashindanoni kwa sababu alishika gari la timu yake na kuvutwa. Kitendo ni kilekile changu, mkono juu ya chuma kinachokwenda. Kwake ni kosa la kufukuzwa. Kwa nini? Kwa sababu jasho lenyewe ndilo walilokubaliana. Pale mlima ni mtihani, na aliyeukwepa amewadanganya wenzake walioutoka jasho. Kwangu mlima haukuwa mtihani wa mtu yeyote, ulikuwa katikati yangu na chakula cha jioni. Hakuna niliyekubaliana naye kwamba nitaumia. Hivyo naamini taabu haina utukufu wa peke yake mpaka mtu aichague. Nawaambia hivi hasa wale wenzetu wanaohubiri kwamba msaada unalegeza watu na kwamba ni vizuri mkimbizi atoke jasho kwanza. Mlima wa nani huo, na nani alikubali mashindano?

Na niseme kitu ambacho hakiendani na picha za kusikitisha. Ile kupanda ilikuwa raha. Ukishuka na ndizi huoni chochote, macho yako yako kwenye lami mita tano mbele. Ukipanda nyuma ya lori, mkono unauma, moshi unaingia puani, lakini macho yako huru. Ziwa linabaki chini, linapauka, upande wa pili milima ya Kongo. Migomba, vibanda vya matofali, akina mama na vikapu. Halafu hewa inabadilika, ukungu, mikaratusi, na ukikaribia Bugarama uko jirani ya Kibira, ule msitu wa hekta kama 40,000 ambao wafalme waliwinda ndani yake na ambao ukivuka mpaka unaitwa Nyungwe. Huko juu mvua inagawanyika: tone likianguka upande huu linakwenda Tanganyika, na mwisho mto Kongo na Bahari ya Atlantiki, likianguka upande ule linakwenda Ruvubu, Kagera, Ziwa Victoria, na Misri. Niliambiwa hivyo shuleni sikujali. Niliona nikiwa nimeshikilia tanki la mtu mwingine. Mtalii alilipa ndege aje aone mlima ule, mimi niliuona bure, na sioni kwa nini raha yangu iwe na aibu kuliko yake.

Turudi kwenye deni. Kulikuwa na dereva mmoja, Mtanzania, mtu mzima, ndevu nyeupe kidogo. Swahili yangu nyingi niliongeza kwa watu kama yeye. Alikuwa na tabia zake: kabla ya shimo kubwa anagusa honi mara mbili, kabla ya kufunga breki anawasha taa za hatari mapema, na kwenye kona mbaya ya kushoto anachukua lami pana zaidi ili tairi la nyuma lisikate ndani. Hakuna dereva anayefanya hivyo kwa ajili ya tanki tupu. Alifanya kwa ajili yetu. Siku moja Bugarama, kati ya wauza kabichi na karoti, nilimfuata na kichane cha ndizi mbivu.

"Shikamoo mzee. Hizi zako, umenivuta mara nyingi."

"Marahaba. Dogo, mimi sijakuvuta."

"Umenivuta, mzee, na honi unatupigia."

"Mimi sijakuona. Umesikia? Sijawahi kukuona." Akapanda kwenye gari.

Niliumia. Ilinichukua muda kufahamu. Mwenye lori alikataza mtu yeyote asibebwe, na madereva walifukuzwa kwa hilo. Kama akipokea ndizi, amekubali kwamba anajua. Kama anajua, siku nitakayoanguka hatakuwa mtu aliyepatwa na ajali, atakuwa mtu aliyeruhusu. Wema wake uliweza kuishi kwa sharti moja, usitajwe jina. Asante yangu ingeuua.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nadhani mnalijua jambo hili kuliko sisi, ingawa hamwezi kulisema mkutanoni. Karani anayeangalia dirishani wakati mama mwenye kadi iliyochanika anapita. Mlinzi anayefunga kiatu. Nimeona wakimbizi wenye moyo safi wakisimama mbele ya wageni wakubwa kumshukuru mtu fulani kwa jina, kwa alichowafanyia kinyume na utaratibu, na kumponza. Je, asante ni haki yangu kuitoa, au ni mali ya anayepewa, naye aamue kama anaitaka? Kwa dereva yule niliamua ni mali yake. Nilichoweza kumlipa ni kushika vizuri: pembeni, mahali kioo kinaniona, na kuachia kabla ya kona ya mwisho ili askari wa pale juu wasione mtu nyuma ya gari lake. Sijui kama alihesabu. Lile jiwe la Mugere lina majina mawili, na wale wawili walifika pale kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakivutwa na makasia ya watu ambao hawakuandikwa. Watu wengi husikitikia hilo, na ni kweli linasikitisha. Lakini huwa nafikiri kwamba dereva yule angeniomba nisimchonge kwenye jiwe lolote, na ningemtii.

Walikuwepo pia madereva wa aina nyingine. Wengine walikuwa na utingo anayekaa nyuma na fimbo, anapiga vidole. Wengine waliyumbisha lori. Mzee wetu anasema ni haki yao, mali ni yao. Nakubali kwamba dereva ana haki ya kukataa, hata bila sababu. Ninachobishia ni wakati na namna. Kule chini, lori likiondoka polepole, akipunga mkono "hapana", nimeachia, hakuna aliyeumia. Lakini ukinivuta kilomita kumi, umeniona kwenye kioo, umenyamaza, halafu kwenye kona juu ya bonde, mwendo umepanda, unanipiga vidole, hapo hujakataa kunisaidia. Umenitupa. Kunyamaza kwako kwa kilomita kumi kulikuwa neno, na mimi nilipanga mwili wangu juu ya neno hilo: sikuhifadhi nguvu za miguu, mkono umekufa ganzi, baiskeli iko mwendo ambao nisingeufikia peke yangu. Asiyenivuta kamwe hanidai wala simdai. Aliyenivuta na anataka kuacha, anadaiwa kitu kimoja tu: apunguze mwendo kwanza.

Mgao ulipopunguzwa hapa, watu wengine walisema kwenye foleni, "Kwani walikuwa na lazima gani kutupa tangu mwanzo?" Swali zuri kwa mtu ambaye hajashika bado. Sisi tulikuwa tumeshika miaka. Mashamba hatuna, kutoka nje ya kambi ni kwa kibali, mwendo tulioko si wa miguu yetu. Simaanishi kwamba lori lazima livute milele. Mafuta yanaisha, najua. Nasema kilomita zilizopita zinahesabika.

Mwisho kuna kijana aliyefia pale, nyumba ya nne kutoka kwetu. Alishika tanki, lilifunga breki kwa sababu ya ng'ombe, akaingia chini. Dereva alisimama. Polisi walimweka siku chache, wakaona hakuna kosa lake, wakamwachia. Baada ya wiki tatu akarudi akipita, akasimamisha lori pale chini ya mikaratusi, akashusha gunia la mchele na kupanda nalo kilimani begani mwake mpaka kwa wazazi.

Wajomba walikataa lisiingie ndani. Walisema akitoa mchele amekiri, na sisi tukiupokea tumeuza mtoto kwa gunia. Mwingine akasema hapana, tukiukataa tumemhukumu, na polisi wenyewe hawakumhukumu. Dereva alikuwa amesimama uani, haelewi Kirundi, gunia bado liko begani, hakuna aliyemwambia aliteremshe. Mama wa marehemu akatoka. Akalipokea gunia yeye mwenyewe, akamsogezea kiti, akamletea pombe ya ndizi na mrija, kama anavyopewa mgeni yeyote aliyetembea mbali. Hakusema lolote kuhusu mtoto. Dereva akanywa. Alipoondoka, mama akamfungia mkungu wa ndizi, mmoja wa ile ambayo kijana angeishusha Jumatatu, na akamtuma mdogo wake marehemu aubebe mpaka kwenye lori.

Wajomba walimkasirikia mwezi mzima. Walitaka kujua: yule mtu ni mdaiwa wetu au si mdaiwa wetu? Mama alisema yeye hajui mambo ya deni, ila mtu hawezi kusimama uani na mzigo begani. Mdogo wake alirudi jioni ile akatuambia dereva aliuweka ule mkungu mbele, kwenye kiti cha utingo, akaufunga mkanda.